Mikanda ya usalama kwenye magari ya zamani: Ilivyoanza, inavyosumbua na lini ya kuitupa

Mtu aliyezoea gari la kisasa akiketi kwenye Volvo PV544 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkono huenda wenyewe begani kutafuta mkanda. Anaupata, anauvuta, lakini hauji. Haurefuki, haurudi, hauna springi. Unaning'inia tu kwenye nguzo ya mlango, na urefu wake ni ule ule alioacha mtu wa mwisho kuuvaa.

Kama huyo wa mwisho alikuwa mnene, mkanda unapwaya. Kama alikuwa mwembamba, haufiki hata kwenye kifungio.

Hii si hitilafu, ndivyo ulivyotengenezwa. Mkanda wa leo hujirekebisha kulingana na mwili wa aliyeketi. Mkanda wa zamani humsubiri mtu aurekebishe kwa mkono wake, na asipofanya hivyo anakuwa amevaa pambo.

PV544 si jina geni Afrika Mashariki. Mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally wakiwa na gari la aina hiyo. Na hadi leo magari ya rika lake bado yapo barabarani: Volkswagen Beetle, Peugeot 404, Land Rover za kizazi cha kwanza, Mercedes za miaka ya 1960. Mengine hutoka Jumapili tu, mengine hukodishwa kubeba maharusi, mengine yanapanda jukwaani kwenye mashindano ya magari ya Concours d'Elegance jijini Nairobi.

Ukiwa na gari kama hilo, au ukipewa lifti ndani yake, haya ndiyo mambo ya kujua kuhusu mikanda yake.

KWA UFUPI

• Mikanda ya kwanza haikuwa na rili, yaani kile kikopo chenye springi kinachovuta mkanda na kuurudisha. Mtu alijikaza mwenyewe.

• Mkanda wa kiunoni peke yake ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini hauzuii kichwa na kifua.

• Mkanda wenye umri wa miaka 40 au 50 unaweza kuonekana mzima na usiwe mzima.

• Sheria inaweza kuliruhusu gari la zamani litembee bila mikanda. Hiyo haimaanishi kwamba ajali nayo italihurumia.

KABLA YA VOLVO

Wazo la mkanda ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Edward Claghorn wa New York alipata hataza ya mkanda wa aina fulani mwaka 1885. Lakini kwa miongo mingi mikanda ilibaki zaidi kwenye ndege na magari ya mashindano.

Mwaka 1949 kampuni ya Nash ya Marekani ilianza kuweka mikanda ya kiunoni kwenye baadhi ya magari yake. Ford nayo ikaiuza kama nyongeza ya hiari kwenye magari yake ya mwaka 1956. Wateja wengi hawakuvutiwa. Mkanda uliwakumbusha ajali, na hakuna aliyetaka kukumbushwa ajali akiwa anachagua gari jipya.

Mikanda hiyo ya kwanza ilikuwa ya kiunoni tu, kama ile ya kwenye ndege. Ilifanya kazi moja vizuri: kumzuia mtu asirushwe nje. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu milango ya magari ya wakati ule ilikuwa rahisi kufunguka gari linapogonga au kupinduka.

Tatizo lilikuwa sehemu ya juu ya mwili. Kiuno kikishikwa, kifua na kichwa hujikunja mbele kwa nguvu, na mbele kuna dashibodi ya chuma na usukani. Mkanda ukiwa umepanda tumboni badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga, unaweza kuumiza viungo vya ndani.

Sweden walijaribu njia nyingine: mkanda mmoja unaokatiza kifua kutoka begani hadi upande wa pili. Volvo ilianza kuweka sehemu za kufungia mikanda hiyo kwenye magari yake mwaka 1957. Huu nao ulikuwa na kasoro yake. Ulishika kifua, lakini kiuno kilibaki huru, kwa hiyo mwili uliweza kuteleza kwa chini au kupinda na kuchomoka.

Wamarekani wawili, Roger Griswold na Hugh DeHaven, walipata hataza mwaka 1955 ya mkanda unaoshika kiuno na kifua kwa pamoja. Ila kifungio chake kilikaa katikati ya mwili, juu ya tumbo laini. Kwenye ajali, hapo si mahali pazuri pa kuwa na kipande cha chuma.

MTU ALIYETOKA KWENYE NDEGE

Mwaka 1958 Volvo ilimwajiri mhandisi Nils Bohlin. Kabla ya hapo alikuwa Saab, akibuni viti vya ndege za kivita vinavyomrusha rubani nje wakati wa hatari. Alijua vizuri mwili wa binadamu unavyokabili nguvu kubwa.

Bohlin alitambua kwamba rubani atavumilia kufungwa mikanda minne, lakini dereva anayekwenda dukani hatavumilia. Mkanda wa gari ulipaswa kufungwa kwa mkono mmoja, haraka, bila kufikiri.

Jibu lake lilikuwa mkanda wa pointi tatu. Kipande kimoja kinapita kiunoni, kingine kinakatiza kifua, na vyote viwili vinakutana chini, pembeni mwa nyonga, karibu na sakafu. Umbo lake ni kama herufi V iliyolazwa, ncha yake ikielekea chini. Hapo mkanda haukimbii mahali pake mwili unapousukuma, na kifungio hakikai tumboni.

Mnamo Agosti 1959 gari la kwanza lenye mkanda huo lilimfikia muuzaji wa magari mjini Kristianstad, Sweden. PV544 na Amazon zikawa magari ya kwanza duniani kuuzwa nao kama kifaa cha kawaida kwenye viti vya mbele.

Volvo ilikuwa na hataza, lakini iliruhusu watengenezaji wengine watumie ubunifu huo. Ndiyo maana mkanda ulio kwenye daladala, matatu, teksi au gari la ofisini leo una umbo lile lile la Bohlin.

Mwaka 1967 Bohlin aliwasilisha uchunguzi wa ajali 28,000 zilizohusisha magari ya Volvo nchini Sweden. Wasiofunga mkanda walikufa kwenye ajali za kasi zote, hata ndogo. Kati ya waliofunga, hakuna aliyekufa kwenye ajali iliyotokea chini ya kasi ya takriban kilomita 96 kwa saa.

KUISHI NA MKANDA USIO NA RILI

Hayo ndiyo mafanikio. Sasa tuje kwenye usumbufu, kwa sababu usumbufu ndiyo ulioua watu wengi waliokuwa na mikanda.

Mkanda wa pointi tatu wa mwaka 1959 haukuwa na rili. Ulirekebishwa kwa kuvuta utepe kwenye kipande cha chuma hadi ukaze. Ukikaza sawasawa, mgongo unabaki kwenye kiti. Vizuri kabisa. Lakini sasa jaribu kufikia choki. Jaribu kuwasha taa, kuzima redio, kushusha kioo cha abiria au kulegeza hendibreki iliyo chini ya dashibodi.

Kwenye magari mengi ya wakati ule, mkono haufiki. Vitasa na swichi viliwekwa na watu waliodhani dereva ataweza kuinama mbele muda wowote.

Kwa hiyo dereva hufanya nini? Analegeza mkanda kidogo. Kesho anaulegeza tena kidogo. Baada ya wiki mkanda una nafasi ya kupitisha ngumi mbili.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sentimita 10 za kupwaya ni sentimita 10 ambazo mwili unasafiri bila kuzuiwa na chochote. Kwenye gari dogo la zamani, usukani uko karibu na kifua, na nguzo ya usukani mara nyingi ni chuma kigumu kisichojikunja kikigongwa kama ilivyo kwenye magari ya sasa.

Madereva waliozoea magari haya huwa na utaratibu wao:

1. Kabla ya kujifunga, fanya kila kitu kinachohitaji kuinama. Vuta choki, rekebisha kioo, fungua dirisha, washa taa kama giza linakaribia.

2. Kaa mgongo umeegemea kiti kabisa, kisha funga. Kipande cha kiunoni kiwe chini, juu ya mifupa ya nyonga na sio tumboni. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo.

3. Kaza hadi kiganja kilicholala kipite kati ya mkanda na kifua, na kisipite zaidi ya hapo.

4. Akibadilika dereva, mkanda urekebishwe upya. Baba mwenye kitambi akimpa binti yake gari, mkanda wa baba haumfai binti.

5. Ukishuka, ning'iniza mkanda kwenye ndoano yake. Ukiachwa chini unakanyagwa, unaloa matope, na ulimi wa chuma unabanwa mlangoni.

Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ulimi uliopinda kwa kubanwa na mlango unaweza kuingia kwenye kifungio bila kushika sawasawa. Mlio wa "klik" peke yake hautoshi. Baada ya kufunga, vuta mkanda kwa nguvu kuhakikisha.

MAREKANI: MIKANDA MIWILI, VIFUNGIO VIWILI

Historia ya Marekani inafundisha jambo moja: kuwepo kwa mkanda na kuvaliwa kwa mkanda ni vitu viwili tofauti.

Kuanzia Januari 1, 1968, kanuni za serikali kuu zililazimisha mikanda kwenye magari mapya ya abiria. Watengenezaji wengi wakatimiza sharti la mkanda wa bega kwa kuweka mkanda tofauti kabisa na ule wa kiunoni. Ulikuwa na kifungio chake, na ulihifadhiwa juu, kwenye vibanio vya darini pembeni mwa dirisha.

Kujifunga kikamilifu ilikuwa kazi ya mikono miwili na subira. Matokeo yake, magari mengi ya miaka hiyo yanapatikana leo yakiwa na mkanda wa bega uliokunjwa vizuri darini, kama ulivyotoka kiwandani. Mnunuzi anaweza kufurahi kwamba ni mpya. Ukweli ni kwamba haukutumika.

Mwaka 1974 wakaja na njia ya mkato: magari mapya yalitengenezwa yasiwake hadi waliokaa mbele wawe wamefunga mikanda. Watu walikasirika. Mfuko wa vyakula ukiwekwa kwenye kiti cha abiria, gari liliudhani ni mtu na likagoma kuwaka. Wengine walikata nyaya, wengine walifunga mikanda moja kwa moja nyuma ya kiti. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge la Marekani likapiga marufuku sharti hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kukaja mikanda ya bega inayojiendesha kwa mota: unafunga mlango, mkanda unatembea kwenye reli na kukukatiza kifua. Lakini kipande cha kiunoni mara nyingi kilibaki cha kufunga kwa mkono, na wengi walikisahau. Magari hayo nayo sasa yameshaanza kuitwa ya zamani. Anayeendesha moja akumbuke kwamba mkanda uliojisogeza begani ni nusu ya kazi tu.

Wakenya wanaikumbuka hali inayofanana na hiyo. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda kwenye kila kiti cha matatu. Kuiweka ilikuwa hatua ya kwanza. Kuivaa kila safari ni hatua nyingine, na hiyo hakuna fundi anayeweza kuifunga kwa bolti.

RILI ILIPOKUJA

Suluhisho la kupwaya lilikuwa rili. Springi iliyo ndani huuvuta mkanda ukae karibu na mwili muda wote, lakini humruhusu mtu ainame taratibu. Gari likifunga breki ghafla au likigonga, rili inajifunga na mkanda haurefuki tena.

Kuna njia kuu mbili za kujifunga. Ya kwanza hutumia gololi au kipande kinachoning'inia ndani ya rili. Gari likipunguza mwendo ghafla, kipande hicho kinasogea na kusukuma kizuizi kwenye meno ya gurudumu. Ya pili huhisi mkanda wenyewe ukivutwa kwa kasi.

Rili za kisasa huwa na njia zote mbili. Nyingi za mwanzo zilikuwa na moja tu, na hilo lina maana mbili kwa mwenye gari.

Kwanza, kuuvuta mkanda ghafla gari likiwa limesimama si kipimo cha kuaminika kwa rili zote. Rili ya gololi inaweza isijifunge hapo ingawa ni nzima. Nyingine ikakuonyesha imejifunga kumbe gololi yake imekwama kwa vumbi na kutu.

Pili, rili ya gololi lazima ikae kwa pembe iliyokusudiwa. Fundi akiifunga imelala badala ya kusimama, inaweza kujifunga daima au isijifunge kabisa. Ndiyo maana rili iliyong'olewa kwenye gari jingine haifai kubandikwa popote penye nafasi.

Dalili za rili iliyochoka ni rahisi kuziona: mkanda haurudi wote, unarudi kwa kusitasita, au unabaki umelegea kifuani. Wakati mwingine tatizo ni uchafu wa utepe. Wakati mwingine springi imekwisha. Rili haifunguliwi nyumbani. Springi yake inaweza kuruka na kuumiza, na ikirudishwa vibaya hakuna atakayejua hadi siku ya ajali.

KAGUA HIVI

Wapenzi wa magari ya zamani hupenda kila kitu kiwe kile cha kiwandani. Rangi ya zamani ina uzuri wake. Kiti chenye ngozi iliyopasuka kina historia yake. Mkanda hauko kwenye kundi hilo.

Mikanda mingi ya zamani ilifumwa kwa nailoni, na siku hizi hutumika zaidi poliesta. Jua huidhoofisha nyuzi polepole. Gari lililoegeshwa juani miaka 20, iwe Mombasa au Dodoma, limeupa mkanda wake jua ambalo macho hayawezi kulipima.

Vitu vya kuangalia:

Utepe. Uvute wote nje, mita kwa mita. Tafuta kingo zilizochanika, nyuzi zilizotoka, sehemu iliyopauka kuliko nyingine, ugumu kama karatasi, madoa ya asidi ya betri au mafuta, na alama za kuungua kwa sigara.

Mishono. Pale utepe unapokunjwa na kushonwa ndipo mzigo wote unapopita. Uzi mmoja ukikatika, mkanda umeisha. Kuushona upya kwa fundi viatu si matengenezo.

Kifungio. Kifunge na kukifungua mara nyingi. Kikikwama, kikichelewa au kikiachia kwa kuvutwa, kibadilishwe.

Bolti na bodi. Hapa ndipo wengi wanasahau. Mkanda mpya uliofungwa kwenye sakafu iliyoliwa na kutu utaondoka na kipande cha sakafu. Inua kapeti, tazama na kwa chini ya gari, gonga kwa bisibisi. Chuma kikibonyea, kazi inaanza na fundi bodi.

Historia. Mkanda uliokuwa umevaliwa kwenye ajali kubwa hautumiki tena. Nyuzi zake zimeshavutika, hata kama hakuna alama. Mkanda wa kununua kwenye lundo la spea kuukuu una tatizo hili hili: hakuna anayejua ulipitia nini.

Kuusafisha ni rahisi: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa, kisha uachwe ukauke kivulini. Dawa za kung'arisha nguo na rangi za kutia upya weusi zikae mbali, kwa sababu zinaweza kuharibu nyuzi.

Kwa anayetaka sura ya zamani, kuna njia ya kati. Wapo watengenezaji wanaouza mikanda mipya yenye mwonekano wa zamani, na wapo wataalamu wanaobadilisha utepe na kuacha vyuma vya asili. La msingi ni kazi hiyo ifanywe na mtu wa mikanda na sio na mshona viti. Mikanda ya asili inaweza kuwekwa sandukuni na kurudishwa siku ya maonyesho, gari likiwa limesimama.

Baadhi ya mikanda hiyo ya asili ina historia ya kushangaza. Kangol, jina linalojulikana duniani kwa kofia, liliwahi kuwa pia kwenye mikanda ya magari ya Uingereza.

GARI HALIKUWA NA MIKANDA KABISA?

Kabla ya kutoboa chochote, tafuta. Magari mengi ya miaka ya 1960 yaliuzwa bila mikanda lakini yakiwa na sehemu zake tayari: tundu lenye nati iliyochomelewa ndani ya nguzo, kwenye sakafu au pembeni mwa kiti, likiwa limezibwa kwa kizibo cha plastiki au kufichwa na kapeti. Saizi ya kawaida ya bolti hizo ni inchi 7/16 zenye meno membamba. Bolti ya kawaida ya dukani haichukui nafasi yake.

Kama hakuna tundu, mtu asidanganyike kwamba washa kubwa inatosha. Sakafu ya gari ni bati jembamba. Inahitaji bamba la chuma la kuongeza nguvu, lililowekwa na anayejua gari hilo linabeba mzigo wapi.

Mambo matatu huharibu kazi nyingi:

La kwanza ni mkanda wa bega unaotoka chini sana nyuma ya kiti. Mwili ukienda mbele, mkanda huo unavuta bega kwenda chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Sehemu ya juu inapaswa kuwa usawa wa bega au juu zaidi.

La pili ni magari ya wazi na yale yasiyo na nguzo ya katikati. Hayana pa kushikia sehemu ya juu. Wakati mwingine mkanda mzuri wa kiunoni ni jibu la kweli kuliko mkanda wa bega uliobandikwa mahali dhaifu.

La tatu ni mikanda ya mashindano ya pointi nne au zaidi. Inapendeza kwenye picha, na magari ya rali huihitaji kwa sababu yana viti maalumu na fremu ya chuma ndani. Kwenye gari la kawaida, mkanda wa pointi nne usio na kipande cha katikati ya miguu unaweza kuuvuta mkanda wa kiunoni upande tumboni. Na dereva aliyebanwa mabega yote hawezi kugeuka kuangalia boda inayopita pembeni.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Magari mengi ya milango miwili ya wakati ule yana viti vya mbele vinavyojikunja bila kizuizi chochote, na hayana vizuizi vya kichwa. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda anaweza kumbamiza dereva aliyefunga. Kumfunga wa mbele peke yake ni kuacha kazi nusu.

WATOTO NA MAHARUSI

Viti vingi vya watoto vya leo vimebuniwa kwa mikanda ya pointi tatu au mfumo wa ISOFIX, ambao haukuwepo enzi za magari haya. Kiti cha mtoto kilichofungwa kwa mkanda wa kiunoni ambao hakikubuniwa kwa ajili yake kinaweza kuzunguka au kupinduka. Maelekezo ya kiti husema kinakubali mkanda gani, na hayo ndiyo ya kufuata.

Uingereza, ambako magari ya zamani ni mengi, imeweka msimamo ulio wazi. Gari lililotengenezwa bila mikanda haliruhusiwi kubeba mtoto wa chini ya miaka 3. Wenye umri zaidi ya huo wakae nyuma tu.

Kwa gari la harusi, hali ni ile ile. Bibi harusi kwenye kiti cha nyuma cha Mercedes ya zamani mara nyingi hana cha kufunga, na mpambe huwa amebeba mtoto wa maua mapajani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kugonga kitu kigumu ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto kwenye anguko hilo. Gari la pili lenye mikanda linaweza kumbeba mtoto, na la kwanza likabaki la picha.

SHERIA INASEMAJE?

Nchi nyingi hulihukumu gari kwa viwango vya mwaka lilipotengenezwa. Uingereza haidai mikanda kwenye gari lililoanza kutumika kabla ya 1965. Lakini ikiwepo, lazima ivaliwe. Sharti la kuvaa mbele lilianza Januari 31, 1983. Jimbo la Victoria nchini Australia lilitangulia wote kwa kulazimisha kuvaa, mwaka 1970.

Kwa mwenye gari la zamani Afrika Mashariki, la busara ni kuuliza ofisi ya usajili na kampuni ya bima kabla ya kubadilisha chochote, na kuweka risiti za kazi iliyofanyika.

Hata hivyo, sheria inatoa ruhusa ya gari kuwa barabarani, basi. Gari la 1962 linatumia barabara moja na malori ya leo, na wenye mwendo wa leo.

Bohlin alifariki mwaka 2002. Mkanda wake wa kwanza ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, kwamba ulimtegemea mtu kuukaza. Kwenye magari yaliyobaki ya enzi hizo, bado unamtegemea. Kwa hiyo kabla funguo haijazungushwa, choki kwanza, kioo, mgongo kwenye kiti, kisha mkanda, na uvutwe hadi kiganja tu ndicho kipite.